Hatifungani ya vita ya Uingereza, 1917: nyota mbili, na moja ni ya foleni

Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama tuliotoka Dar tukahamia London. Kazi yangu ni kusoma masharti kabla wenzangu hawajatoa hela. Juzi kwenye soko la Jumamosi nilinunua postikadi kuukuu kwa pauni 4: kifaru cha vita kimeegeshwa Trafalgar Square, na raia wenye kofia zao wamejipanga mbele yake. Shoga yangu alidhani ni maandamano. Kumbe ni dirisha la mauzo! Mwishoni mwa 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ilileta vifaru vya kweli mjini, watu wakanunulia dhamana za vita hapo hapo, yaani hati za kuikopesha serikali hela za vita. Kisha vikazungushwa nchini, miji ikashindanishwa nani atachangia zaidi kwa kila mkazi. West Hartlepool ikaibuka kidedea, ikazawadiwa kifaru chenyewe, jina lake Egbert. Kwa mbwembwe za kuuza nawapa zote tano. Hata wapiga debe wa Msimbazi wangesimama kutazama.

Sasa bidhaa yenyewe. Zilikuwapo za aina kadhaa, nimepitia mbili.

Cheti kidogo, cha mtu wa kipato cha chini, kilianza kuuzwa 1916. Unatoa shilingi 15 na peni 6, baada ya miaka mitano unapokea pauni 1 kamili, yaani shilingi 20. Nimepiga hesabu: ni kama asilimia 5 kwa mwaka. Masharti yanaeleweka hata na mtu asiyejua riba ni nini. Hiki sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni mkopo mkubwa wa vita wa Januari 1917. Unalipa pauni 95, unaandikiwa hati ya 100, kuponi (yaani riba unayotumiwa) asilimia 5 kila mwaka, na mtaji kurudishwa kati ya 1929 na 1947. Tamu, si ndiyo? Soma tena hapo kwenye miaka. Anayechagua lini ndani ya kipindi hicho ni serikali, si wewe. Mwaka 1932 riba sokoni zikiwa zimeshuka, waziri wa fedha Neville Chamberlain akawaambia wenye hati: chukueni pesa zenu, au mbaki kwa asilimia 3.5. Aliyekubali mapema aliongezewa pauni 1 kwa kila 100. Uzalendo ule ule wa 1917 ukapigiwa ngoma mara ya pili, na wengi mno wakabaki. Deni lenyewe lilikuwa kama pauni bilioni 2.

Halafu tarehe mpya ya kulipa mtaji ikaandikwa hivi: 1952 au baadaye. Akina mama, mwanachama akija kwangu kukopa na kuandika "Desemba au baadaye", namrudishia fomu yake. Hiyo "baadaye" ilifika tarehe 9 Machi 2015. Katikati hapo bei za vitu zilipanda hadi hati ya pauni 100 ikawa inauzwa chini ya 30 miaka ya 1970. Kuponi haikukosekana, hilo nakiri. Lakini aliyenunua akiwa kijana alikuwa kaburini zamani, na waliopokea malipo ya mwisho ni zaidi ya watu na taasisi 120,000, wengi wakiwa na vijisehemu vidogo vidogo.

Uaminifu wa muuzaji? Mkopo wa kwanza wa vita, Novemba 1914, ulitafuta pauni milioni 350. Magazeti yakaandika kwamba maombi yamezidi. Ukweli ni kwamba wananchi walileta milioni 91 tu, na Benki Kuu yao ikajaza pengo kimyakimya kwa majina ya maofisa wake wawili. Watafiti wa benki hiyo hiyo ndio waliolitoa hadharani, mwaka 2017. Nikimfanyia mtu hivyo kwenye daftari la kikoba, nafukuzwa siku hiyo hiyo.

Kuna tangazo moja la dhamana za wakati huo wa vita lililosema kwamba mwekezaji, tofauti na askari, hana hatari yoyote. Mimi nimezaliwa Kariakoo. Jina letu limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza katika vita hiyo hiyo, Carrier Corps, walioweka kambi pale baada ya Mjerumani kuondoka Dar 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi haukuwafikia jamaa zao. Mwenye hati alitumiwa kuponi nyumbani.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Dada mhazini, tungekuwapo siku hizo tungenunua?" Cheti kidogo, ndiyo, vichache. Mkopo mkubwa, hapana, hata kama kifaru kingepaki mlangoni.

Postikadi nimeibandika ndani ya jalada la daftari, upande wa mikopo iliyochelewa.