Macho makavu yanayotoa machozi: nilivyotibiwa Moshi

Mimi ni fundi cherehani, Ngarenaro, Arusha, mwaka wa 14 sasa. Nikisema macho yaliniuma usifikirie kuwasha. Yalikuwa yanachoma kama yamepuliziwa pilipili, halafu nyuma ya jicho la kushoto kama kuna sindano inazungushwa. Na machozi yanatiririka. Mteja anakuja kupimwa gauni ananiuliza, "Fundi, kuna msiba?"

Kwa hiyo nilipoambiwa nina macho makavu nilicheka. Makavu vipi, na mimi nashinda na leso mkononi?

Nilishamaliza chupa tatu za maduka ya dawa ya mtaani. Ya kwanza ya kuondoa wekundu: jicho linakuwa jeupe saa mbili tatu, kisha linarudi jekundu kuliko mwanzo. Ya pili antibayotiki, wakati hata tongotongo sina. Ya tatu ndiyo inanitia hasira mpaka leo. Ilikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, na aliyeniuzia hakunieleza kitu. Ilinituliza kweli, nikawa najinunulia tu kama pipi. Baadaye nikaja kuelezwa kwamba steroidi ukiitumia kiholela inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Pale kwenye kiti nilinyamaza kwanza.

Kiti chenyewe ni cha kliniki moja Moshi. Jina nalihifadhi, maana nina ya kuwasema. Nilipanda Coaster saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili kasoro niko mlangoni, nikaonwa saa sita na nusu. Namba hakuna, foleni haieleweki, anayejuana na dada wa mapokezi anapita. Daktari sijamwona bado, kijana ameshanifungulia sanduku la fremu za miwani. Hapo nawapa alama mbili kati ya tano.

Ndani ndiko walikonikamata. Daktari aliuliza kwanza. "Mama, unashona saa ngapi kwa siku? Feni inakupiga wapi? Dawa gani unameza?" Nikasema Piriton kila usiku, sababu ya vumbi la vitambaa. Kumbe nayo inakausha macho. Akauliza kama mdomo unakauka na viungo vinauma, maana kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaokausha macho na mdomo pamoja. Sina.

Akanitia rangi ya manjano, akazima taa, akawasha mwanga wa bluu. Nisipepese. Akahesabu: sekunde nne tu, utando wa machozi umeshapasuka. Walau ungefika kumi. Kisha akanipachika kikaratasi kwenye kope la chini, nikafumba macho dakika tano. Kililowa milimita 11 kulia, 12 kushoto, yaani maji ninayo ya kutosha. Akaweka tone la ganzi, maumivu yakakatika pale pale. Akasema ni dalili njema, chanzo kiko kwenye uso wa jicho. Yangebaki vile vile angeshuku mishipa ya fahamu yenyewe, na hiyo tiba yake ni tofauti.

Mwisho akaminya ukingo wa kope. Kikatoka kitu kama dawa ya meno, mnaokula mnisamehe. Hapo kwenye ukingo kuna vitundu vya mafuta yanayozuia machozi yasikauke, na vyangu vimeziba. Jicho likikauka linachoma, likichoma linamwaga maji, na maji bila mafuta hayakai.

Nikapewa matone ya machozi bandia, kaboksimethiliselulosi asilimia 0.5, shilingi 14,000. Mara nne kwa siku, na chupa ikifika siku 28 tangu kufunguliwa natupa hata kama imebaki. Yanapoza, lakini ukungu unakaa kama dakika mbili, usitie huku mguu uko kwenye pedali.

Tiba yenyewe hasa ni kitambaa cha moto, dakika kumi asubuhi na usiku, kisha kusugua kope taratibu kuelekea kwenye nywele za kope. Taulo la kawaida linapoa kabla hujamaliza kuwaza. Nikajishonea vipande viwili vya flaneli, mikunjo minne kila kimoja, upana wa macho tu. Kimoja usoni, kingine kinasubiri kwenye bakuli, na maji ya moto yako kwenye chupa ya chai. Najaribu kwanza kwenye mkono, nisijiunguze.

Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti, nikaanza kuhesabu nauli. Wiki ya sita nilipitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza tu, katikati ya sare za shule, leso sijui niliiacha wapi. Feni nimeigeuzia miguuni. Siku za upepo na vumbi bado yanachoma, sidanganyi.

Daktari nampa tano. Narudi mwezi ujao kupimwa presha ya jicho, na nitabeba uji na kitambaa cha kudarizi, maana foleni yao naijua.