Kozi ya kufundisha kwa miradi, Mtwara: nawashauri walimu wanachuo mwende

Nimemaliza hii kozi fupi ya kufundisha kwa miradi hapa Mtwara mjini na aisee naipa nyota nne. Mkufunzi hakuanza na notsi kabisa, alituuliza tu kwa nini msimu wa korosho mabibo mengi, yale matunda ya mkorosho, yanaozea shambani wakati yana juisi na vitamini C ya kutosha, alafu akatuachia. Basi ikabidi tutunge maswali wenyewe, tukaongee na wakulima, tukamue juisi tuone inachacha haraka kiasi gani, tulinganishe njia za kuihifadhi, na mwisho tutetee jibu letu mbele ya wenzetu ambao walikuwa wanabana kwelikweli.

Hapo ndo nikaelewa zile ngazi sita za kufikiri za Bloom, maana chuoni tunazikariri tu kwa mtihani, kukumbuka, kuelewa, kutumia, lakini kuchambua, kutathmini na kubuni unazipata ukiwa na tatizo la kweli mkononi na hamna kitabu chenye jibu.

Kasoro ipo, maksi nyingi zilienda kwenye bango la mwisho badala ya hatua zenyewe, kwa hiyo kwenye makundi mengine mmoja anafanya wengine wanasaini, hilo warekebishe, kila mtu awe na daftari lake la mradi na aulizwe peke yake. Na muda waongeze jamani. Mnaoenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) karibuni, pitieni hapa kwanza.