Kirekebisha namba za simu: kiwe ndani ya fremuweki au pakeji ya pembeni?

Hapa Ngamiani, Tanga, tumebishana wiki nzima. Mwenzetu kaandika kafanksheni ka kugeuza namba ya 07 iwe ya +255, sasa anataka kaingie kwenye kiini cha fremuweki yetu, yaani mifupa ya programu tunayojengea tovuti.

Raha ya kukaweka ndani naijua, mtu anainstoli mara moja anaanza kazi, hahangaiki kutafuta pakeji (nyongeza inayoinstoliwa kivyake) ipi nzima ipi imetelekezwa, na kwa bei ya bando hilo si dogo jamani. Django, fremuweki ya lugha ya Python, ilitoka 2005 na paneli yake ya admin humo humo, wengi wameipendea hapo.

Ila kitu kikishaingia kukitoa ni shughuli pevu, maana programu za watu zishakitegemea. Hao hao Django walikuwa na mfumo wa komenti ndani, wakautoa kwenye toleo 1.8 mwaka 2015 ukawa pakeji, na vile vitu vya nchi moja moja walishavitoa kabla. Flask, fremuweki nyingine ya Python, yenyewe tangu 2010 haina hata tabaka la database.

Pakeji ya pembeni ukikuta bagi (hitilafu) asubuhi, jioni unatoa toleo, husubiri fremuweki nzima. Na mteja wa Mombasa anayetaka +254 anaweka yake.

Mimi nasema pembeni. Ulinzi wa fomu dhidi ya CSRF, ile hila ya tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji bila yeye kujua, ndio uwe ndani, maana dev akiusahau anaumia mtumiaji asiye na kosa.