Uzoefu wangu: siku tano za mafunzo ya uongozi kwa wahadhiri na watumishi wa chuo, je hela inaenda kihalali?

Nimeona niandike hii kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta sana mtu aliyeshahudhuria mafunzo ya namna hii aniambie ukweli, sikumpata, nilichokuta ni vipeperushi vya kujisifia tu. Jina la taasisi sitalitaja na chuo changu pia sitakitaja, nitasema nilichokiona.

Mimi ni mhadhiri wa baiolojia kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali hapa Tanzania, na tangu 2022 ni mkuu wa idara. Jinsi nilivyoupata huo ukuu ndo hivyohivyo wengi wanavyoupata, barua ilikuja Alhamisi, Jumatatu nikakabidhiwa funguo, mhuri na mafaili matatu yenye madokezo (maombi ya ndani ya ofisi) hayajajibiwa, basi. PhD nilikaa miaka minne na nusu na bakteria wa kwenye maji, najua kuandika, najua kufundisha, najua kusimamia tasnifu, ila kuongoza watu wazima 16, wakiwemo wawili walionifundisha mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza, hilo sikuwahi kufundishwa popote. Na kazi haikusubiri ujifunze, siku hiyohiyo kuna ratiba inagongana, mtahini wa nje anakuja, mtu kafiwa, mwingine anaomba likizo ya masomo, na tulipohamishwa kutoka OPRAS kwenda PEPMIS, mifumo ya serikali ya kupima utendaji wa watumishi, ikabidi kila mtu umpangie majukumu kwenye mfumo na umpime, na huyo unayempima ni profesa.

Kwa hiyo chuo kilipotangaza nafasi za mafunzo nikajaza fomu haraka sana. Yalikuwa ya siku tano Morogoro, watu 28, nusu wanataaluma nusu waendeshaji (watumishi wa upande wa utawala na huduma), ada laki tisa na nusu kwa kichwa, malazi na chakula mbali. Chuo ndo kililipa.

Kitu cha kwanza kilichonigusa kilianza hata kabla hatujasafiri. Wiki mbili kabla walituma dodoso kwa watu ninaofanya nao kazi, wanajaza bila jina, mimi nakuja kupewa majibu siku ya kwanza kwenye bahasha. Kwangu walijaza watu tisa. Mengi yalikuwa mazuri, anatupigania, anafundisha vizuri, lakini kuna mmoja kaandika "mlango wake uko wazi ila uso wake umefungwa". Niliisoma hiyo sentensi labda mara kumi usiku ule. Sikukasirika, niliumia, maana mimi najijua kama mtu wa watu na siku zote nasema njooni ofisini muda wowote.

Ila siku ya pili ndo iliyonibadilisha na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hapa. Tuligawanywa vikundi vya watu watano watano, kila kikundi kichague jambo moja lililokwama kweli chuoni, halafu tulichore safari yake kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani, kila meza lilipopita na siku ngapi lilikaa, kwa tarehe za kweli, siyo za kukadiria. Kikundi changu kilikuwa na mimi, mhasibu, dada mmoja wa manunuzi, mama wa masjala, na mzee wetu wa maabara, wa idara yangu kabisa, mtu ambaye yuko pale tangu mimi sijafikiria hata kusoma chuo. Tukachagua dokezo lake la kuomba agari, ile ya kuoteshea bakteria, kwa ajili ya praktikali za mwaka wa pili semista iliyokuwa imeisha. Mama wa masjala akapiga simu chuoni wakamsomea tarehe zote kutoka kwenye rejesta.

Mzee aliandika dokezo tarehe 4 Novemba. Tarehe 5 likafika mezani kwangu. Likatoka tarehe 23. Kwa Amidi (mkuu wa kitivo) siku mbili, likaenda manunuzi, manunuzi wakalirudisha kwa sababu hatukuandika vipimo vinavyotakiwa ili waweze kuliingiza kwenye NeST (huo mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na usipotimiza vitu vyake hauendi popote), basi likarudi kwangu, likakaa siku tisa nyingine. Agari ilifika Februari, wanafunzi wameshamaliza praktikali zao kwa kuangalia picha kwenye projekta. Mwanafunzi wa baiolojia, mwaka wa pili, hajawahi kuotesha hata sahani moja kwa mkono wake. Na mimi miezi yote ile kwenye vikao nilikuwa nasema tu manunuzi wanatuchelewesha.

Yule dada wa manunuzi akasema kwa upole kabisa, "Dokta, kwetu lilikaa siku sita, na nne kati ya hizo tulikuwa tunawasubiri nyie mtujibu." Tukajumlisha. Mezani kwangu siku 27.

Nikamgeukia mzee, nikamuuliza mzee wangu mbona hukunikumbusha? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Dokta, nilikuwa naliona kila asubuhi nikija kuchukua funguo, liko pale chini ya mitihani. Sikutaka kukusumbua, nikaona una mengi." Aisee. Yaani mtu alikuwa analiona tatizo kwa macho yake kila siku inayokuja, na akaona kunyamaza ndo heshima. Na hapo ndo nikaielewa ile sentensi ya uso uliofungwa. Hiyo kitu huwezi kuipata kwenye slaidi, na usingeipata pia kama mafunzo yangekuwa ya maprofesa peke yao wamejifungia hotelini, kwa sababu wanaojua mambo yanakwama wapi ni watu wa maabara, wa masjala, makatibu muhtasi, madereva, na mara nyingi hatukai nao meza moja hata chai hatunywi pamoja.

Siku ya tatu kwangu ilikuwa dhaifu, niseme ukweli. Asubuhi ilikuwa nzuri, tulifundishwa ile nadharia ya Hersey na Blanchard ya 1969 kwamba hakuna mtindo mmoja wa kuongoza unaofaa kwa wote, mtu mgeni unamwelekeza hatua kwa hatua, aliyekomaa unamwachia kazi, na hapo katikati kuna kumfundisha na kumshirikisha, nikagundua mhadhiri msaidizi wangu mpya nilikuwa nimemwachia kama mtu mwenye miaka ishirini kazini na anazama. Lakini mchana mwezeshaji mwingine akaja na mifano ya makampuni ya Marekani, bosi anapandisha mishahara, bosi anafukuza, bosi anatoa bonasi. Sisi wakuu wa idara hatuna hata kimoja kati ya hivyo! Humpandishi mtu mshahara, humfukuzi, cheo chake kinategemea machapisho yake na kamati, na wewe mwenyewe ukimaliza miaka yako mitatu unarudi kuwa mwenzake wa kawaida na pengine yeye ndo anakuwa mkuu wako. Uongozi wa chuo ni wa kushawishi na kuaminiwa, sasa ukimfundisha mtu kama anaongoza duka la simu unampotezea muda. Niliuliza swali hilo, jibu likawa la kuzunguka zunguka tu.

Siku ya nne ikarudisha heshima. Mazoezi ya mazungumzo magumu, wawili wawili, mmoja anakuwa bosi mwingine anakuwa mtumishi, halafu mnabadilishana, wa tatu anaangalia na kuandika. Mimi nilileta tatizo langu halisi, mwalimu wangu wa zamani ambaye kila semista anachelewa kupandisha matokeo kwenye mfumo, wanafunzi hawajui kama wana sapu au wamefaulu, na mimi nilikuwa nashindwa kumwambia kwa sababu ya shikamoo. Mkutubi mmoja akaigiza yeye, na aliigiza vizuri mno. Mara ya kwanza nilizunguka dakika saba nzima bila kulitaja jambo lenyewe. Mara ya tatu nikaweza: salamu kamili, kisha tatizo kwa sentensi moja, kisha athari kwa mwanafunzi, halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndo kulikuwa kugumu kuliko vyote, mdomo unawasha kujaza kimya.

Niliporudi chuoni nilimfuata Profesa ofisini kwake, sikumwita kwangu. Shikamoo, nikakaa, nikasema vilevile, nikanyamaza. Akaniambia macho yanamsumbua, kuingiza alama za wanafunzi mia mbili kwenye kompyuta kunamtesa na ameona aibu kusema. Miaka miwili sikuwahi kuuliza! Sasa hivi yule mhadhiri msaidizi anakaa naye siku mbili, yeye anasoma alama, kijana anaingiza, wanasaini wote. Semista hii matokeo yake yalichelewa siku tatu tu.

Mabaya mengine. Waliahidi kila mshiriki atapigiwa simu tatu za ufuatiliaji baada ya mafunzo, mimi nilipigiwa moja, wenzangu wengine hakuna hata moja, na ufuatiliaji ndo unaofanya mtu asirudi alikotoka ndani ya mwezi. Pia kuna washiriki walikuja kwa ajili ya posho, siku ya pili mchana viti sita vitupu, hilo ni letu sisi siyo la wawezeshaji. Naumia kwa sababu huu ndo wakati wenyewe, mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu umekuja na dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, majengo yanapanda vyuoni, wahadhiri wanasomeshwa, na hizo maabara mpya zitaongozwa na watu haohao waliopewa mhuri Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo je, niwashauri muende? Ndiyo, ila kabla ya kulipa uliza kama waendeshaji watakuwepo chumba kimoja na wanataaluma, uliza kama mtafanyia kazi matatizo yenu wenyewe, na ufuatiliaji uandikwe kwenye mkataba kabisa, malipo ya mwisho yatoke baada ya simu ya tatu. Kama ni slaidi siku tano, baki chuoni usahihishe mitihani.

Mezani kwangu sasa kuna kaunta buku, dokezo likiingia linaandikwa tarehe, na mzee wa maabara ana ruhusa ya kulifungua na kuuliza mbele ya mtu yeyote. Mara ya kwanza alisita, siku hizi anaingia, anafungua, anaweka kidole kwenye mstari, ananiangalia. Agari ya semista hii ilifika wiki ya nne na wanafunzi wameotesha wenyewe.

Aliyekosa nafasi ile ni katibu muhtasi wangu, walisema mafunzo ni ya kuanzia ngazi ya afisa, wakati yeye ndo anayepanga nini kinakaa juu na nini kinakaa chini pale mezani. Fomu ya awamu ijayo nimeshaijaza, jina lake ndo la kwanza.