Flickr Commons: tagi ziache, soma komenti

Aisee kama unapenda picha za zamani na hujawahi kuingia Flickr Commons, ile sehemu ya tovuti ya picha ya Flickr ambako maktaba na taasisi nyingine zinaweka picha zao za zamani, unajichelewesha. Ni bure, kuangalia huhitaji hata akaunti. Maktaba ya Bunge la Marekani, Library of Congress, ndo walianza nayo Januari 2008, wakamwaga picha kama 3,100 hivi wakasema haya, tieni tagi (yale maneno mafupi ya kutafutia picha) na komenti mnavyotaka. Kufika Oktoba mwaka huohuo tagi zimeshapita 67,000, ila ndo tagi gani sasa... huyu kaandika "red", yule "wow", huyu boat yule boats, hakuna kinachoziunganisha, ukitaka picha za Unguja unajaribu zanzibar, unguja, stonetown, mpaka uchoke. Hapo katalogi ya maktaba inaziacha tagi mbali maana wakutubi wana maneno yao waliyokubaliana, neno moja linakuletea zote.

Komenti sasa! Zile picha za Bain, shirika la picha za habari la New York, majina yameandikwa kwenye negativu za kioo (vile vioo vya kusafishia picha kabla ya filamu), mengine yamekosewa kabisa. Watu wanachimba magazeti ya enzi hizo wanabishana weee mpaka anajulikana ni nani na ilikuwa siku gani, halafu wakutubi hawabebi tu hivihivi, wanahakiki kwanza, ikikaa sawa inaingia kwenye rekodi ya maktaba yenyewe, na chanzo wanakiandika kabisa kwamba ni Flickr Commons, mwaka fulani. Jina la kwenye negativu nalo hawalifuti, linabaki na angalizo kwamba halijahakikiwa. Rekodi zaidi ya 500 zilinufaika hivyo mwaka uleule wa kwanza, hapo niliwavulia kofia.

Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa sababu kuna taasisi zinapakia picha halafu zenyewe hazionekani tena, mtu kaeleza vizuri kabisa hapo chini na hamna hata wa kumwambia asante.

Hukohuko Flickr, mwaka 2011 National Archives ya Uingereza waliweka picha za ofisi yao ya makoloni, Africa Through a Lens, na za kwetu huku zimo, wakaomba watu wasaidie maelezo maana mengi ni ya mkoloni mwenyewe. Mwenye bibi anayekumbuka sura na majumba amkalishe na simu. Andika Kiswahili tu haina shida, ila ongezea na Kiingereza kidogo, wenye hizo picha wako London.