Kibubu cha mbao chenye chati: kabla hujalifuata friji la jirani

Vibubu vya mbao vyenye chati vimejaa Dar es Salaam, kwa wamachinga wa pembezoni mwa barabara na kwenye kurasa za wauzaji wa Instagram. Ni kisanduku cha paini au plaiwudi chenye tundu juu. Ubavuni kina chati ya vyumba vilivyoandikwa 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Ukitumbukiza hela unaweka tiki kwenye chumba chake, na chati ikijaa unakuwa na milioni moja, mbili au tano, kutegemea kibubu ulichochukua. Bei ni ya kupatana.

Wengi hukinunua wiki ile ile jirani alipoingiza friji, au wifi aliporusha status ya makochi mapya. Kwa hiyo nakipima kwa swali hili: kinamfaa mtu anayeumia roho akiona wenzake wanavyotumia, huku hela ya kwake ikiishia kwa Mangi mwenye duka la mtaani kabla ya tarehe 20? Kinamfaa, tena sana. Ila kile cha milioni kilichochapwa tayari simshauri, na matumizi yenyewe si kama muuzaji anavyoyaeleza.

Tuanze na kisanduku. Paini ni laini na nyepesi, nayo haina shida mradi mbao zimekauka. Zikiwa mbichi, kona huachia baada ya miezi michache na unaanza kuona noti kupitia ufa. Piga ubavu kwa kucha. Ukisikia sauti nzito ya kitu kilicholowa, rudisha. Angalia kitako kimefungwaje. Kilichofungwa kwa skrubu kitafunguliwa siku ya kwanza utakayoishiwa, kwa sababu bisibisi iko kila nyumba. Chukua kilichopigiliwa misumari na kupakwa gundi, ambacho hakifunguki mpaka kivunjwe. Vyenye kufuli vinapendeza, lakini ufunguo ukikaa ndani ya nyumba ile ile hicho kinakuwa droo tu. Ukikipenda cha kufuli, ufunguo apewe mtu anayeishi mtaa mwingine ambaye hataona haya kukunyima.

Udhaifu mkubwa uko kwenye tundu. Mafundi wengi hulitoboa pana ili noti ipite kwa raha, na tundu likiwa pana hela zinadokolewa bila alama yoyote. Mtu anakipindua kibubu, anaingiza kisu chembamba, anakitikisa kidogo, na noti inateleza juu ya ubapa wa kisu hadi nje. Watoto wa darasa la nne wanaujua mchezo huo. Dawa yake ni ndogo: kabla kitako hakijapigiliwa, mwambie fundi apigilie kwa ndani kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole vitatu, msumari upande mmoja tu wa tundu. Noti ikiingia inausukuma mpira chini, na kibubu kikipinduliwa mpira unarudi kuziba. Kama umenunua kilichokwisha kufungwa, kunja noti mara tatu na uibane kwa raba kabla ya kuitumbukiza. Itaingia kwa shida kidogo, na haitatoka.

Kisikae chini sakafuni. Mchwa hupanda kupitia kitako, na kwenye nyumba za Pwani unyevu wa sakafu huzifanya noti zigandane. Juu ya kabati panatosha, mbali na jiko.

Sasa chati, ambayo ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Chukua mfano wa chati ya milioni moja yenye vyumba 40 vya 2,000, vyumba 40 vya 5,000 na vyumba 72 vya 10,000. Kwa macho ni vyumba 152 tu, na mtu wa kipato kidogo anaanza na vile vidogo kwa sababu ndivyo anavyovimudu. Akishajaza vyote 80 vya 2,000 na 5,000 amepita nusu ya chati, lakini ndani kuna 280,000. Hizo 720,000 zilizobaki zote zinadaiwa kwa noti za elfu kumi kumi, kwa mtu ambaye siku nzima ya kuuza mihogo huenda asiione hata noti moja ya hivyo ikiwa faida. Hapo ndipo kibubu kinapoachwa, halafu kinavunjwa kulipa mchango wa harusi. Mwenyewe anajiona hana nidhamu, kumbe chati haikutengenezwa kwa kipato chake.

Kwa hiyo nunua kibubu kitupu na uchore chati yako kwenye karatasi. Anza na kodi, kwa sababu wenye nyumba wengi mjini wanadai miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaowapeleka watu kwenye mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa. Chumba cha 50,000 kwa miezi 6 ni 300,000. Chora vyumba 100 vya 1,000 na vyumba 100 vya 2,000. Jumla ni 300,000 kamili. Kwa siku 180 hiyo ni zaidi kidogo ya tiki moja kwa siku. Siku biashara ikilala weka 1,000 au pumzika, siku ikichangamka weka mbili. Tumbukiza saa ile ile unapofunga hesabu, kabla hujapita dukani. Ukisubiri kitakachobaki usiku, hakitabaki.

Hela ya kibubu isitoke kwenye mboga. Nyumba inayokula dagaa nusu kipimo ili chati ijae haitamaliza mwezi bila ugomvi, na mwenye kuumia zaidi ni mtoto. Itoke kwenye bando, soda na bodaboda ya safari inayotembeleka. Mwenza wako ajue kibubu kipo na ni cha nini, maana anayebanwa matumizi bila kuambiwa sababu atadhani hela inaenda kwingine.

Kibubu cha pili ndicho cha lile friji. Kiwe tofauti na cha kodi, kwa sababu nitakayoieleza. Andika juu yake kitu kimoja na bei yake kamili, yaani bei ya dukani pamoja na gharama za kukifikisha na kukiendesha. Tuchukue friji dogo la 450,000. Ongeza usafiri na kifaa cha kulilinda umeme unapocheza, ufike 500,000. Halafu ingia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambako wengi hawafiki wanapolitamani friji la mwenzao. Mteja wa matumizi madogo analipa bei ya msingi ya shilingi 100 kwa uniti, na ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni 350 kila moja. Nyumba inayotumia uniti 55 inalipa 5,500 kabla ya kodi ya serikali na tozo. Friji dogo likila uniti moja kwa siku, matumizi yanafika 85. Mwezi wa kwanza inaweza kuonekana nafuu, lakini anayezidisha mwezi baada ya mwezi huhamishiwa kundi la kawaida ambako uniti ni 292, na hapo uniti 85 ni 24,820. Friji limeongeza zaidi ya 19,000 kila mwezi, kabla hujanunua cha kuweka ndani. Jirani anayeuza barafu na juisi za watoto anairudisha hela hiyo. Wewe kama huuzi, itatoka kwenye mshahara.

Njia ya kulijaribu hilo bila kununua ni hii: kwa miezi mitatu tumbukiza 650 kila siku kama vile friji tayari lipo, mbali na hela ya kulinunulia. Nyumba ikihimili, unalimudu. Ikishindwa, umejua mapema, na hela yako bado iko ndani ya kibubu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Vingi vinavyotuumiza roho mitaani vimeingia ndani kwa mkopo wa vitu, na marejesho yake hayarushwi kwenye status. Tuseme friji hilo hilo linatolewa kwa kianzio cha 100,000 na rejesho la 15,000 kila wiki kwa wiki 52. Jumla ni 880,000. Rejesho la 15,000 kwa wiki ni kama 2,143 kwa siku. Mwenye 100,000 ya kianzio akiitumbukiza kwenye kibubu, na akaweka 2,143 hiyo hiyo kila siku, anafika 500,000 kwa siku 187, miezi sita na kidogo, na analinunua taslimu pamoja na usafiri wake. Wa mkopo siku hiyo bado ana karibu nusu ya marejesho mbele yake, na akikwama wiki mbili tatu friji linaweza kufuatwa. Faida yake ni moja, nayo ni ya kweli: amelitumia miezi sita kabla yako. Kama ni la biashara, miezi hiyo inaweza kuulipa mkopo. Kama ni la kuhifadhia maji ya kunywa, sioni sababu.

Sasa sababu ya vibubu viwili. Baada ya siku 30 hesabu tiki za vyote. Cha kodi kikiwa na tiki na cha friji kikawa kimekauka, hela ilikuwepo ila hamu ilikwisha. Ulikuwa unalitaka kwa sababu limeingia nyumba ya pili, basi. Kata jina lake uandike kingine. Vyote viwili vikikauka, shida ni kipato, na hakuna kisanduku kitakachoitibu. Hapo tafuta la kuongeza mapato au punguza kodi kwa kuhama. Cha friji kikiendelea kujaa hata wiki ambazo hukwenda kwa jirani, hilo ni hitaji lako kweli. Naupenda kuliko yote uwezo huu wa kibubu, kwa sababu wivu ukiuacha kichwani hauna bei wala tarehe, na mtu anajilaumu tu. Ukiwa kwenye chati unajulikana ni wa shilingi ngapi.

Yapo ambayo kibubu hakiyawezi. Hela haizai. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka, hivyo hata 300,000 nzima ikikaa nusu mwaka inapoteza thamani ya kama 4,500, kiasi kinachovumilika. Hatari zaidi ni moto, mafuriko ya bondeni na wezi. Na kuna noti zenyewe: Benki Kuu ilitoa muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kusalimisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010, na muda huo ulipopita hazikuwa tena hela halali. Mwenye kibubu kisichofunguliwa miaka mingi anaweza kuzikuta humo. Usikae na kimoja zaidi ya mwaka.

Kuweka kwenye simu ni salama dhidi ya moto, lakini hela ya simu ni nyepesi mno kutoka. Unanunua bando, unatuma kwa shangazi, na ukitoa kwa wakala kuna makato. Mchezo wa kijumbe, yaani kuchangiana na kupokea kwa zamu, una nguvu ya aibu ambayo kibubu hakina, kwa kuwa wenzako wanakusubiri. Kwa mwenye kipato cha kila siku kisichotabirika, hata hivyo, kukosa zamu kunaharibu jina, na kibubu hakimsemi mtu siku ya mvua.

Kukivunja: ingiza bapa la patasi kwenye ungio la kitako na ugonge taratibu kwa nyundo, usipige katikati ya ubao ukazichana noti. Fungua asubuhi ya siku ya kazi, hesabu mbele ya mwenza, linganisha na chati. Pengo likizidi 5,000, kagua tundu na tiki zako kabla hujamtuhumu mtu, maana tiki huwekwa mara mbili kwa kusahau. Kisha hela iende siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba au dukani, na risiti ipatikane. Ikilala ndani, kesho yake ni hela ya matumizi.