Gari kuukuu la forwili Malindi: lipi ununue ulifufue nyumbani

Wengi wetu tukienda kutazama gari kuukuu, la kwanza ni kuomba boneti ifunguliwe tusikilize injini. Lala chini kwanza. Injini iliyochoka hubadilishwa na giaboksi hupatikana Mombasa, lakini chasisi iliyoliwa na chumvi itamaliza pesa zako na bado hutaiamini ukiwa na watoto ndani. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kutu, kwa spea, na kwa kazi ambayo mtu na mwenziwe wanaiweza uani wakiwa na jeki na stendi nne tu.

Nenda na nyundo ndogo, tochi na bisibisi. Gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hububuta. Ukikuta rangi nyeusi mpya, nene, inayong'aa, ichokonoe, maana mara nyingi chini yake pana tundu lililozibwa kwa bati na fila, ile lipu ya kuzibia bodi. Inua zulia la miguuni pa dereva, kisha pitisha kidole kwenye mfereji wa paa na ukingo wa kioo cha mbele. Gari lililokaa bara maisha yake yote, hata liwe limetembea sana, nalipenda kuliko la pwani lililotembea kidogo.

1. Suzuki Escudo ya miaka ya 1990. Ndiyo chaguo langu kwa kazi ya nyumbani. Ina chasisi yake chini ya bodi na gia nzito za kweli, zile za kwenda polepole kwa nguvu, na injini ya petroli ya lita 1.6 ni ya kueleweka. Ni nyepesi, kwa hiyo kwenye mchanga wa Mambrui na Ngomeni haizami upesi, na giaboksi yake watu wawili huishusha bila winchi. Udhaifu wake ni difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ambayo nyumba yake ni ya aluminiamu. Ukiivisha matairi makubwa kupita kiasi, difu hiyo ndiyo itakayolipa.

2. Land Cruiser ya toleo la 70 yenye injini ya 1HZ. Dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo (feni ya kuisukumia injini hewa). Kwa uimara hakuna ya kuishinda hapa, na magari ya watalii yanayoelekea Tsavo kwa lango la Sala yamefanya mafundi wetu waijue vizuri. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu kila kitu chake ni kizito: kushusha springi zake za majani si kazi ya mtu mmoja. Muulize muuzaji mkanda wa tamingi, ule unaozungusha vali za injini, ulibadilishwa lini. Asipojua, ubadilishe kabla hujaenda nalo safari.

3. Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi. Karibu kila kipande hufunguliwa kwa spana, na hiyo ni raha kubwa kwa anayetaka kujifunza. Watu husema hailiwi na kutu kwa kuwa bodi ni ya aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma pia. Pale chuma kinapogusana na aluminiamu, hewa ya bahari huila aluminiamu; utaona unga mweupe kando ya bolti.

4. Prado ya toleo la 90 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Starehe ipo, lakini injini hii ikichemka mara moja silinda hedi yaweza kupasuka. Nunua tu ukiwa tayari kuweka rejeta mpya mwanzo kabisa.

Ukishalileta nyumbani, pesa ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye kupoza injini, kisha matairi. Springi na shokomzoba za kunyanyua gari zingoje, na taa za paani zingoje zaidi. Kutu isugue kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe, paka praima siku hiyo hiyo, na usifanye kazi hiyo wakati wa masika. Oili chafu tunayozoea kupulizia chini huharibu bushi za mpira na kumwagikia udongo wa uani kwetu. Griisi au nta ya magari ni bora. Ukipita maji ya chumvi, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile.

Kabla ya yote hayo, linganisha nambari ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku, na uhamisho wa umiliki ufanywe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji akiwa yupo. Kama injini ilibadilishwa na karatasi hazikurekebishwa, yeye ndiye azirekebishe. Nambari ya chasisi ikiwa imelika na kutu hadi haisomeki, usitoe hata arbuni.